Mkono Uliofinyanga Mtungi

Masomo: Yeremia 18:1-6, Yohana 4:4-30, 1 Wakorintho 11:17-22



Mhariri wa gazeti letu ametuomba tuandike neno juu ya Mungu aliye Mfinyanzi, kwa kuwa wengi mnajua ya kwamba tangu tulipostaafu kazi ya ualimu tumejenga banda dogo nyuma ya jiko, hapa kwetu Murungu, na kila Jumamosi alasiri tunafinyanga humo na kuwafundisha wengine. Tumelikubali ombi lake kwa furaha. Lakini neno lenyewe huenda lisiwe lile mlilozoea. Kila tusikiapo sura ya 18 ya Nabii Yeremia ikihubiriwa, twaambiwa kwamba Mungu ndiye mfinyanzi, sisi tu udongo, na yatupasa kutulia mkononi mwake. Hayo ni kweli, nasi twayaamini. Ila kuna jambo moja ambalo wahubiri hulipita upesi, kama mtu arukaye kijito. Kabla ya kupewa ujumbe wowote, Yeremia aliamriwa ateremke mpaka nyumbani kwa mfinyanzi. Mungu hakumwambia abaki Hekaluni afikiri juu ya udongo. Alimtuma kwenye nyumba ya mtu mwenye mikono michafu, akasimame pale, aitazame kazi, ndipo alisikie Neno.

Je, sisi tungalikwenda? Hilo ndilo swali la mwezi huu, na tutaeleza kwa nini tunaliuliza.

Tuanze na neno lenyewe. Katika lugha zetu za huku, Kiha na Kirundi, na Kinyarwanda pia, kufinyanga chungu ni kubumba. Waliozichunguza lugha za Kibantu wanatuonyesha kwamba Kiswahili nacho kina neno hilo hilo, ila limepoteza herufi yake ya kati na kuwa kuumba. Wazee wa kale walipotafuta neno la kusema jinsi Mungu alivyoifanya dunia, hawakulichukua la mwashi wala la mhunzi. Walilichukua la mfinyanzi. Na Kiebrania cha kitabu cha Mwanzo, sura ya 2, ni vivyo hivyo: tendo la Mungu la kumfanya mtu kwa mavumbi, na jina la yule mfinyanzi wa Yeremia, hutoka katika shina moja. Basi kila Jumapili tunaposimama kuikiri Imani yetu na kumtaja Mungu Baba aliye Muumba, twamwita kwa jina la kazi ya bibi mzee aketiye chini na bonge la udongo mbele yake.

Tunasema bibi mzee kwa sababu ndivyo ilivyokuwa kwetu. Tulipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kufaragua vifaa vya kufundishia. Siasa ya Elimu ya Kujitegemea, aliyoitoa Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ilikuwa bado ndiyo dira yetu, na kila mwalimu alitakiwa ajue kazi ya mikono. Tulifinyanga ramani zenye milima na mabonde, tukafinyanga maembe na ndizi za kuhesabia. Lakini ramani ya udongo haiingii motoni. Chungu huingia. Aliyetufundisha chungu ni jirani yetu mmoja, ambaye mama yake alikuja kutoka upande wa Burundi zamani za ukoloni, naye hakukaa darasani hata siku moja. Sisi wenye vyeti tuliketi mbele yake kama watoto wa darasa la kwanza. Hapa tutamwita Bibi tu, maana ndivyo tunavyomwita nyumbani.

Udongo wa Bibi hauchukuliwi popote. Huchimbwa bondeni, chini ya tabaka la juu lenye mizizi, naye huupima kwa vidole: huuviringa uwe mwembamba kama kidole, kisha huukunja, akitazama kama utapasuka penye pindo. Ukikubali, huanikwa, hutwangwa, huchekechwa, hulowekwa, ndipo hukandwa. Kukanda peke yake kwaweza kumaliza asubuhi nzima. Kijiwe kimoja kikisahaulika humo chaweza kukipasua chungu motoni, na kazi ya siku nyingi ikaishia jaani.

Kisha hufanya jambo lililotushangaza sana siku ya kwanza. Huokota vigae vya vyungu vilivyovunjika, huvisaga juu ya jiwe mpaka viwe kama mchanga, akavichanganya na udongo mpya. Tulimwuliza kwa nini. Akajibu, “Mwalimu, udongo mchanga hauujui moto. Hivi vinaujua.” Baadaye tulielewa kwa njia yetu ya kisomi kwamba alisema kweli. Kigae kilichokwisha kuchomwa hakinywei tena sana, nacho huacha njia ndogo ndogo ndani ya udongo ambamo mvuke hutokea, kwa hiyo chungu kipya hustahimili kukauka na kustahimili moto. Lakini jibu lake lilikuwa fupi zaidi, na mpaka leo darasani tunatumia la kwake.

Gurudumu analolitaja Yeremia sisi hatunalo. Bibi huweka kitako cha chungu kipya ndani ya tako la chungu cha zamani kilichovunjika, akawa anakizungusha polepole kwa mkono. Huviringa udongo kuwa mikia mirefu na kuizungusha mkia juu ya mkia, akiiunganisha kwa kidole gumba. Kuta hukwanguliwa kwa kipande cha kibuyu mpaka ziwe na unene mmoja, halafu husuguliwa kwa jiwe laini la mtoni. Shingoni hupitisha kamba fupi iliyosukwa kwa majani, akiiviringisha chini ya kiganja, ikaacha alama kama mishono. Kila mfinyanzi ana kamba yake na mkono wake, na aliyezoea huweza kusema chungu hiki ni cha nani bila kuuliza. Baada ya hapo chungu huwekwa kivulini. Wakati wa kiangazi siku kadhaa zatosha, lakini masika yaweza kupita wiki mbili na zaidi. Watoto wetu huchoka kungoja kuliko wanavyochoka kukanda.

Siku ya kuchoma hatuna tanuru. Vyungu hupangwa chini, huzungushiwa kuni na kufunikwa nyasi, moto ukawashwa. Moto wa namna hiyo hufika nyuzi 600 hadi 800 hivi za Sentigredi. Hapo hata yale maji yaliyofungwa ndani ya asili ya udongo hutoka, na udongo ule haurudi tena kuwa tope, hata ukiulowesha mwaka mzima.

Ndipo tukaelewa kwa nini Yeremia ana sura mbili za mfinyanzi wala si moja. Katika sura ya 18 chombo kiliharibika mkononi, na mfinyanzi akakifanya kuwa chombo kingine, kwa kuwa udongo ulikuwa bado mbichi. Katika sura ya 19 nabii aliambiwa anunue gudulia lililokwisha kuchomwa, akalivunje mbele ya wazee wa watu na wazee wa makuhani, nalo halikuweza kutengenezeka tena. Ni udongo ule ule, lakini moto umepita katikati. Mwalimu yeyote wa shule ya msingi atazielewa sura hizi mara moja. Wazee wetu walisema udongo uwahi ungali maji, na tuliusema msemo huo kila mwaka mbele ya wazazi siku ya kufunga shule.

Lakini tumekuwa na umri sasa, na tunajiuliza habari za sisi ambao moto umekwisha kutupita. Yule ambaye tabia zake zimekauka, aliyezoea tangu utoto kumkwepa mtu fulani, atageuzwaje? Je, ni jaa tu? Hapo ndipo tunapofurahi kwamba tuliketi mbele ya Bibi, maana kwake hakuna kinachokwenda jaani. Kigae husagwa. Kusagwa kunauma, wala kigae hakirudi kuwa mtungi kilivyokuwa, lakini huingia katika mwili wa chungu kipya na kukipa nguvu ambayo udongo mbichi peke yake hauna. Tumewaona wazee wa namna hiyo katika kanisa la Mungu, watu waliovunjwa na maisha na kuvunjwa na Neno, na vijana wakasimama kwa sababu yao.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe.

Darasa letu lilianza na watoto saba na akina mama watatu. Tulipomwomba Bibi aje yeye mwenyewe kufundisha, akakubali, watoto wawili hawakurudi. Tulingoja Jumamosi mbili, kisha tukaenda kuwasalimu nyumbani kwao. Mzazi wao tulimfundisha sisi alipokuwa darasa la tatu. Alitupokea vizuri, akatupa viti, akasema, “Shikamoo mwalimu.” Tukaitikia. Baada ya habari za nyumbani na za mashamba, alisema, “Mwalimu, sikatai mtoto ajifunze kazi. Kama ni kushona, ashone. Hata useremala sawa. Lakini hii ni kazi ya Watwa, na anayefundisha mnamjua. Kesho binti yangu ataolewa na nani?” Alisema kwa sauti ya chini na kwa adabu, kama mtu atajaye ugonjwa.

Pembeni mwa sebule, juu ya kigoda, palikuwa na mtungi wa maji ya kunywa, na kata juu ya kifuniko chake. Tuliujua mtungi ule kwa alama za shingoni. Ni wa Bibi. Tulipewa maji ya mtungi huo, tukanywa. Yalikuwa baridi, kama yawavyo maji ya mtungi, kwa sababu udongo uliochomwa hivyo hupitisha maji kidogo kidogo mpaka ngozi ya nje, na yakikauka pale huchukua joto pamoja nayo. Ndoo ya plastiki haiwezi kufanya hivyo. Tukaaga, tukarudi.

Ndugu zetu, msitufikirie kwamba twamsema mzazi huyo. Hakulibuni neno lile. Alilipokea kama alivyopokea jina la ukoo. Kwa ndugu zetu wa Burundi na Rwanda, kwa vizazi vingi, ufinyanzi ulikuwa hasa kazi ya Watwa. Vyungu vyao vilikuwa katika kila nyumba, ya mkubwa na ya mdogo. Uji wa mtoto mchanga ulipikwa humo, na pombe ya harusi ilitiwa humo. Lakini wale waliokula kutoka katika vyungu hivyo hawakula pamoja na waliovifinyanga, wala hawakunywa nao katika chombo kimoja, wala hawakuoana nao. Fikirini jambo hilo kwa utulivu. Alama ya kidole cha mtu iko ndani ya chungu chako, chakula chako kinagusa kidole hicho kila siku, na mwenyewe akifika mlangoni unamtafutia mahali pa kuketi nje. Halafu zikaja sufuria, yakaja madumu na ndoo za plastiki, na soko la vyungu likapungua. Watu wale wakapoteza riziki kabla hawajapata heshima, na wengi wao hawakuwa na mashamba ya kurudia. Mpaka uliochorwa na wakoloni kati ya Urundi na Buha uligawanya kodi na bendera. Desturi ilivuka bila pasi.

Kiswahili nacho kina msemo: mfinyanzi hulia gaeni. Watu hucheka wausemapo, kana kwamba mfinyanzi ni mjinga asiyejiwekea chombo kizuri. Sisi tulioishi karibu na mfinyanzi hatucheki. Analia gaeni kwa sababu chombo kizima kimekwenda sokoni kuleta chumvi na sabuni.

Na tukiitaja chumvi, tukumbuke Uvinza, hapa hapa katika mkoa wetu wa Kigoma. Mwaka 1967 wataalamu wa mambo ya kale walichimba penye chemchemi za maji ya chumvi, wakakuta vigae vya nyakati mbalimbali, ushahidi kwamba watu wametengeneza chumvi pale tangu zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Maji yale yalichemshwa katika vyungu mpaka chumvi ikabaki. Watu walitoka mbali kuifuata, na misafara ya karne ya 19 ilipita hapo. Bwana wetu aliwaambia wanafunzi wake kwamba wao ni chumvi, nasi twapenda sana kuhubiri juu ya neno hilo. Lakini kule Uvinza chumvi haikupatikana bila chungu, wala chungu hakikupatikana bila mfinyanzi. Jina lake halikuandikwa popote. Vigae vyake ndivyo vilivyobaki kumshuhudia.

Dharau hii haikutoka katika udongo. Nendeni mpaka ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, kule Matema na Ikombe, mkawaone Wakisi. Akina mama wa Kikisi wamefinyanga tangu kale, vyungu vyao hupakiwa mitumbwini na kuuzwa katika masoko ya kandokando ya ziwa na mbali zaidi, na kabila zima lajulikana kwa kazi hiyo kwa sifa. Kwa nini udongo uwe sifa kwa Wakisi na aibu kwa Watwa, nao ni udongo ule ule aliouumba Mungu? Au mfikirieni Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950. Alikwenda Uingereza kusoma, akafika Abuja huko Nijeria katika miaka ya 1970 kujifunza kwa wafinyanzi wanawake, na hata leo hujenga vyombo vyake kwa mkono bila gurudumu, mkia juu ya mkia, akivikwangua na kuvisugua. Mwaka 2020 Uingereza ilimpa cheo cha heshima cha Dame, na vyombo vyake vimewekwa katika majumba makubwa ya makumbusho. Tulipomwonyesha Bibi picha ya kazi zake, aliitazama kwa muda mrefu, akasema mama huyo ana subira. Halafu akaendelea na kazi yake. Hatuwaelezi haya ili mwapeleke watoto wakatafute vyeo. Twayaeleza ili ijulikane kwamba aibu hiyo tumeitengeneza sisi wanadamu, na kilichotengenezwa na wanadamu chaweza kuvunjwa.

Hata katika Maandiko, wafinyanzi hawakuwekwa nje. Katika Kitabu cha Kwanza cha Mambo ya Nyakati, sura ya 4, mstari wa 23, katikati ya orodha ile ndefu ya majina ambayo wengi wetu huiruka (wala hatuwalaumu), wametajwa wafinyanzi waliokaa karibu na mfalme kwa ajili ya kazi yake. Lakini kwetu fungu lenye nguvu kuliko yote ni lile la kisima cha Yakobo.

Bwana wetu alikuwa amechoka kwa safari, akaketi kisimani, nayo ilikuwa saa sita mchana. Wanafunzi walikuwa wamekwenda mjini kununua chakula. Akaja mwanamke Msamaria na mtungi wake kuteka maji, na Bwana akamwomba maji ya kunywa. Mwanamke akastaajabu, naye Yohana anaeleza sababu: Wayahudi na Wasamaria hawakuwa na shirika wao kwa wao. Sasa wajuao Kiyunani hutuambia kwamba maneno hayo ya Yohana yaweza kusomwa pia hivi, kwamba Wayahudi hawakutumia vyombo pamoja na Wasamaria. Tulipolisikia jambo hili kwa mara ya kwanza, fungu lile lilifunguka kama mlango. Bwana Yesu hakuwa na kitu cha kutekea. Mwanamke mwenyewe alimwambia hivyo. Basi kama angekunywa, angekunywa kutoka katika mtungi ule, na midomo yake ingegusa chombo ambacho kila mtu wa kwao angekiita najisi. Hakuomba aletewe kikombe kingine. Hakungoja wanafunzi warudi na chombo cha kwao. Aliomba kunywa kwa yule, katika kile.

Yohana hasemi kama alipewa yale maji. Tumeitafuta habari hiyo mara nyingi, haipo. Mazungumzo yakawa marefu, mwanamke akauacha mtungi wake akakimbia mjini kuwaita watu. Huenda Bwana alibaki na kiu yake. Lakini ombi lenyewe lilitosha. Mtu aliyezoea kukataliwa chombo chake alikuwa ameombwa na Mwana wa Mungu, na kabla ya jioni mji mzima ulikuwa njiani kwenda kisimani.

Ndiyo sababu tunasema mahubiri ya Mungu Mfinyanzi hayakamiliki hekaluni. Ni rahisi kuimba kwamba sisi tu udongo. Ni rahisi kupakwa majivu Jumatano ya kwanza ya Kwaresima na kukumbushwa kwamba tu mavumbi. Udongo wa namna hiyo hauchafui nguo. Lakini kuketi mkekani pamoja na mtu ambaye babu zetu walimwekea mahali pa kuketi nje, kupokea chakula mkononi mwake, kumruhusu binti yako amwite mwalimu, hapo ndipo imani inapotoka mdomoni ikaingia motoni, na hapo ndipo ijulikanapo kama ni chungu au ni ramani.

Sisi wa Kanisa Anglikana hatuna pa kujificha katika jambo hili. Kanuni zetu zile 39 zilizotoka kwa wazee wa Matengenezo, katika ile ya 30, zasema wazi kwamba Wakristo walei wasinyimwe kikombe cha Bwana. Watu walikufa kwa ajili ya mambo ya namna hiyo. Nasi tumekipokea kikombe kimoja, kinachopita kutoka mdomo mmoja kwenda mdomo mwingine, tajiri na maskini, Mha na Mrundi, mwalimu na asiyejua kusoma. Mtwa naye yumo. Lakini tumeona kwa macho yetu wenyewe, hatusemi kanisa gani wala mwaka gani, watu wakipanga mahali pa kupiga magoti ili wapokee kabla ya mtu fulani. Walifanya kwa ujanja, mmoja akijifanya kumtafuta mtoto, mwingine akitoa heshima kwa mkubwa. Padre alikuwa ameinama, hakuona. Yule waliyemkwepa aliona. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba wakikusanyika hali wamegawanyika hivyo, chakula wanachokula si cha Bwana. Hakusema kwamba ni chakula cha Bwana chenye kasoro ndogo. Alisema sicho.

Tumeulizwa na ndugu mmoja mwenye nia njema kwa nini tusimwache Bibi afinyange kwake, nasi tufundishe wenyewe, ili wazazi wasiogope na darasa likue. Tumeifikiria shauri hiyo na kuiombea. Ni kweli darasa lingekua. Tumekwisha kujifunza kiasi cha kutosha kufundisha chungu, na hata jiko la udongo linalobana kuni, ambalo ndilo linalouzika zaidi siku hizi. Lakini tungekuwa tumefanya lile lile lililofanywa siku zote: kuuchukua mtungi na kuuacha mkono. Tumekataa. Bibi anaendelea kuketi mahali pake, na chai ya saa kumi twanywa pamoja, sote kwa vikombe vile vile vinavyooshwa katika karai moja. Watoto wamekwisha kulizoea jambo hilo kabisa. Wao hugombania kuketi karibu naye kwa sababu ana hadithi.

Kati ya wale wawili walioondolewa, mmoja huja mara kwa mara na kusimama nje ya uzio, ameshika mti wa uzio kwa mikono miwili, akitazama. Hatumwiti, kwa maana hatutaki kumtenga na mzazi wake. Wala hatumfukuzi. Jumamosi iliyopita Bibi alimrushia bonge dogo la udongo, akalidaka. Aliondoka nalo.

Mungu akipenda, tutachoma vyungu vya masika mara vitakapokauka, labda baada ya majuma mawili au matatu kama mvua itatupa nafasi. Atakayependa kuja kutazama, karibu. Uwanja ni mpana. Miongoni mwa vyungu hivyo kuna mtungi mkubwa ambao Bibi ameufinyanga kwa ajili ya baraza ya kanisa, ili wanaotembea kutoka mbali wapate maji ya baridi kabla ya Ibada. Wazee wa kanisa wameukubali, na mama mmoja amejitolea kata. Twawaomba pia msitupe vyungu na mitungi iliyovunjika, tuleteeni, tunavisaga. Na tafadhali mumkumbuke Bibi katika maombi yenu, maana magoti yanamsumbua wakati huu wa mvua, na kuketi chini kunamtaabisha kuliko zamani.

Wenu katika Bwana,
Mwalimu mstaafu,
Murungu